Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Valvu Mpya za Amplifaya

Kabla hujatoa fedha kununua valvu nyingine, yaani ile mirija ya kioo inayokuza sauti ndani ya amplifaya, jua kwanza ni nini kilichoziua zile za mwanzo. Valvu ndogo kama ECC83 hudumu miaka mingi. Zile kubwa za kuendesha spika, kama EL34, huchoka mapema zaidi, lakini zikifa ndani ya miezi miwili usiseme ni uzee.

Anza na umeme unaoingia. Umeme wa majumbani hapa Kenya umekadiriwa kuwa volti 240, ilhali amplifaya nyingi za zamani kutoka Ujerumani zilipangwa kwa volti 220. Hita, yaani waya wa ndani unaoipasha valvu moto, iliyokusudiwa kupata volti 6.3 hupata karibu 6.9, na umeme ukipanda hadi 250 usiku wa manane, hita hiyo inapita volti 7, wakati kikomo cha kawaida ni asilimia 10 tu juu au chini. Tazama nyuma ya amplifaya kama kuna swichi ya kuchagua volti. Kama haipo, mpe fundi abadilishe waya za transfoma.

Usiiwashe amplifaya bila spika. Iachie nafasi ya hewa, na usiifunike kwa kitambaa cha kufuma hata kama sebule inapendeza hivyo. Usiihamishe ikiwa bado ya moto. Sisi wa pwani tunaishi na chumvi hewani, kwa hiyo safisha pini na soketi mara kwa mara.

Sasa zingatia kapasita, kwa sababu hapo ndipo nilipoteketeza fedha zangu. Nilikuwa na amplifaya yenye EL34 mbili. Usiku mmoja niliona mshono wa anodi, yaani bati linalopokea mkondo, katika valvu ya kulia ukiiva, kwanza mstari mwembamba mwekundu kama kaa la udi, kisha bati zima, huku sauti ikikwaruza na harufu ya vumbi lililoungua ikijaa chumbani. Nilizima, nikamlaumu aliyeniuzia, nikanunua jozi nyingine. Baada ya wiki tatu valvu ya kulia ikawa nyekundu tena, nami nikanunua jozi ya tatu. Hiyo nayo ilipoharibika niliibeba amplifaya hadi kwa fundi mmoja mzee, ambaye kabla hata ya kushika bisibisi aliniuliza: “Mbona kila siku inakufa ya kulia?”

Gridi ya EL34, yaani waya unaodhibiti mkondo ndani ya valvu, hupewa volti hasi ili kuzuia mkondo usipite kiasi. Kapasita ndogo inayotangulia gridi hiyo hupitisha sauti na kuzuia volti chanya za valvu iliyo nyuma yake, lakini zile za karatasi na nta zikizeeka huanza kuvuja. Fundi alizitoa valvu zote mbili kubwa, akawasha, akapima pini ya 5 katika kila soketi: kushoto alipata volti hasi 38, kulia hasi 21. Valvu za kulia zilikuwa zikifunguliwa kupita kiasi na kuzidisha zile wati 25 ambazo anodi ya EL34 inaruhusiwa kupoteza. Kapasita mbili mpya, za bei ndogo sana, zilimaliza ugonjwa ulionilia jozi tatu.

Kwa hiyo usipachike valvu mpya kabla ya kipimo hicho. Ukishazipachika, rekebisha mkondo wake wa utulivu, yaani ule unaopita wakati hakuna sauti. Mafundi wengi hubaki kwenye asilimia 70 ya kikomo cha zile wati 25, yaani takriban miliampia 40 kwa kila EL34 ikiwa anodi ina volti 430. Kisha zima taa za chumba, ukae nayo nusu saa ya kwanza ukitazama mabati. Ukiona wekundu wowote kwenye bati, zima papo hapo. Mng’ao wa hita katikati ni wa kawaida.

Usiiache ikiwaka ukatoka nyumbani, wala usiiweke watoto wanapofikia, kwa maana kioo cha valvu huunguza. Zaidi ya yote, usifungue kifuniko kwa kuamini kwamba umeichomoa ukutani: kapasita kubwa huweza kushikilia zaidi ya volti 400 baada ya kuzimwa. Zimwage umeme kwa rezista, pima tena, na mkono mmoja ubaki mfukoni.