Leta mahindi, ficha mashine: kuamsha ubunifu kwa wanafunzi wa uhandisi

Nilikuwa nikitaka wanafunzi wabuni mashine ya kupukuchua mahindi, nawaonyesha kwanza iliyopo karakana. Nikarudishiwa michoro ya mashine ile ile, pamoja na kasoro zake. Mwaka 1991 watafiti Jansson na Smith walilipima jambo hili: wabunifu walioonyeshwa mfano kabla ya kuanza waliurudia, hata pale ulipokuwa na makosa. Sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1. Leta mahindi makavu ambayo hayajapukuchuliwa. Kila mmoja apukuchue matano kwa mikono, kisha aandike vidole vyake vimemwambia nini. Usiwaharakishe hapa. Watagundua kwamba mstari wa kwanza wa punje ndio unaogoma. Ukishang'oka, unaofuata unasukumwa kwa kidole gumba tu.

Hatua ya 2. Gawanya kazi ya mashine ubaoni, kwa jedwali la safu tatu: kupata nguvu, kung'oa punje, kutenga makapi. Jedwali la namna hii tumelirithi kwa mwanafalaki Fritz Zwicky. Nguvu: mkono, pedali za baiskeli, mota, injini ya dizeli. Kung'oa: kusugua, kupiga, kupitisha kwenye pete yenye meno. Kutenga: upepo, chekecheke, mteremko. Zidisha 4 × 3 × 3, una njia 36. Kabla jedwali halijajaa, ni marufuku kusema "haiwezekani", na mwalimu ndiye wa kwanza kubanwa: ukikunja uso tu, darasa linanyamaza.

Hatua ya 3. Kila kundi lichague njia mbili, mojawapo iwe ile inayowatia wasiwasi. Wazijenge kwa maboksi, waya na vipande vya bomba. Binti mmoja aliniita: "Mwalimu, si mstari wa kwanza ndio unaogoma? Basi meno ya mwanzo tuyafanye marefu, machache." Hilo halikuwamo katika mashine yoyote niliyowahi kuwaonyesha.

Hatua ya 4. Ukisahihisha mashine ya mwisho peke yake, wataleta kisichohatarisha alama. Mimi natenga alama 40 kati ya 100 kwa daftari: mawazo waliyoyatupa, na sababu.

Hatua ya 5. Wapeleke kwa anayepukuchua kila msimu. Mama mmoja alilitazama kundi lililochagua kupiga, akauliza: "Wanangu, magunzi yatatoka mazima? Maana ndiyo kuni zangu." Walirudi ubaoni jioni ile ile, safu ya pili, ya kung'oa.