Jinsi ya kupima mazabodi ya bei nafuu: mwonekano wake na kasi ya RAM

Mfano ninaoutumia hapa ni mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye chipseti, yaani chipu inayosimamia mawasiliano ya ubao huo, ya B550, iliyoingia sokoni mwaka 2020, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600 na vipande viwili vya RAM ya DDR4. Kabla hujatoa fedha, hakikisha chipseti inaruhusu RAM kuongezwa kasi. B550 na A520 za AMD zinaruhusu, na B560 ya Intel pia, lakini H510 na H610 haziruhusu, hata boksi likipambwa vipi kwa picha za michezo.

Hatua ya kwanza: kagua mwonekano kwa mwanga wa mchana. Weka kidole juu ya hitisinki (vipoza joto) zilizo kando ya tundu la prosesa. Chuma halisi huwa na ubaridi unaodumu kidogo, ilhali plastiki iliyopakwa rangi ya fedha hupata joto la kidole papo hapo. Hili si suala la urembo pekee, kwa sababu chini yake zimo transista zinazoilisha prosesa umeme, na hapa Dodoma mwezi Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado, chumba cha bati huwa na joto kali. Mimi huchagua mazabodi nyeusi yenye mapambo machache, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi hujikusanya kwenye kila mfereji wa plastiki.

Hatua ya pili: tofautisha pini za taa za mapambo. Pini nne ni za volti 12, na pini tatu ni za volti 5. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mwanafunzi ambayo taa zake za volti 5 zililazimishwa kwenye pini za volti 12. Zote zilikuwa zimeungua.

Hatua ya tatu: washa XMP, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ndani ya RAM ili ifikie kasi yake iliyotangazwa. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, chomeka RAM katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiingia BIOS (programu ya mipangilio ya mazabodi) utaona kasi ya chini, kwa mfano 2133 au 2666, badala ya 3600 iliyoandikwa kwenye kifurushi. Ukiwasha XMP, volti hupanda kutoka 1.2 hadi takriban 1.35. Baada ya kuhifadhi, skrini inaweza kubaki nyeusi na feni zikasimama na kuzunguka tena, kwa kuwa mazabodi inajaribu mipangilio mipya; usiizime kwa pupa. Ikigoma kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi kwa dakika chache ili mipangilio ifutike, kisha uanze upya.

Usilipie zaidi kwa ajili ya namba kama 4400 kwenye boksi. Prosesa hii hufanya kazi vizuri RAM ikiwa karibu na 3600, na zaidi ya hapo ucheleweshaji mara nyingi huongezeka. Hata 3200 yenye CL16 (CL ni idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu) ina ucheleweshaji wa nanosekunde 10, sawa na 3600 yenye CL18.

Hatua ya nne: endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, raundi nne, kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika utaanza upya. Kosa moja linatosha kuikataa kasi hiyo. Rudia jaribio saa nane mchana, kwa kuwa RAM iliyofaulu alfajiri inaweza kushindwa kwenye joto. Ikishindwa, ninashuka hadi 3466, kisha 3400, na kupima tena saa ileile.