Mnaotoka naiti, vaeni miwani ya jua
Manesi wenzangu wa Dodoma, hii nimeijua juzijuzi tu na sasa nalala usingizi wa maana. Ukimaliza zamu asubuhi vaa miwani ya jua kabla hujatoka nje, usiivue mpaka uko chumbani, halafu kitandani moja kwa moja, mambo ya kupitia sokoni Majengo kununua nyanya yaache mpaka jioni. Ule mwanga wa asubuhi ndo unauambia ubongo kumekucha, melatonini, ile homoni ya usingizi, inashuka na usingizi unakata, na jua la huku mnalijua wenyewe, saa mbili tu lishaanza kuchoma macho. Chumbani nimetundika kitenge kizito juu ya pazia, mama mwenye nyumba anahisi naumwa. Inagoma wapi sasa, kama unaendesha mwenyewe gari au pikipiki usivae kabisa, uchovu ukijumlisha na kigiza cha miwani utasinzia barabarani, bora upande daladala. Na naiti ya mwisho kabla ya ofu mi sivai, nalala masaa mawili matatu naamka, la sivyo usiku nabaki nahesabu mabati.