Jinsi ya kupima kama ndege ya betri inaiweza ruti yako

Anzia kwenye akiba, si kwenye safari. Hesabu nyingi za ndege za umeme hulinganisha umbali wa ruti na ukubwa wa betri, zikaishia hapo. Rubani haruhusiwi kupanga kutua betri ikiwa tupu: kwa kuruka kwa macho (rubani akijiongoza kwa anachokiona nje) mchana, kanuni kwa kawaida hudai akiba ya kuruka dakika 30 zaidi, na usiku zaidi ya hapo.

Tuchukue Dar es Salaam–Unguja, kilomita 75 hivi, na Cessna Grand Caravan, ndege ndogo ya abiria, iliyobadilishwa injini ikawekewa mota ya umeme. Kwamba inaweza kuruka tunajua: Caravan yenye mota ya kampuni ya magniX iliruka dakika 30 huko Moses Lake, Marekani, Mei 28, 2020. Swali ni itabeba nani.

Uzito. Caravan hii inaruhusiwa kupaa na kilo 3,970 hivi, lakini kutua na 3,855 tu. Mafuta huungua njiani; betri hutua na uzito uleule iliopaa nao. Kikomo chako basi ni cha kutua. Tumia 3,850.

Nishati. Zidisha uzito kwa 9.81 (mvutano wa dunia). Gawa kwa uwiano wa kuelea, yaani mita ambazo ndege husonga mbele kwa kila mita inayoshuka injini ikiwa imezimwa. Gawa tena kwa ufanisi wa mota na pangaboi kwa pamoja, kisha kwa 3,600. Kwa uwiano wa 10 na ufanisi wa 0.75 unapata kilowati-saa 1.4 kwa kilomita.

Safari inakula kilowati-saa 105, kupanda mita 1,000 kunaongeza 14: jumla 119. Akiba ya nusu saa kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ni 140. Akiba imeizidi safari yenyewe.

Betri. Seli nzuri hubeba wati-saa 250 kwa kilo, lakini ukishaweka kasha, mabomba ya kupozea na kinga ya moto, kadiria 170. Usishuke chini ya asilimia 10 ya chaji: volti huporomoka, na rubani anayelazimika kughairi kutua na kupanda tena hukosa nguvu. Pia pigia hesabu betri iliyochakaa hadi asilimia 80, si mpya. Safari na akiba ni 119 + 140 = 259; kwa hiyo 259 ÷ 0.9 ÷ 0.8 ni kilowati-saa 360, sawa na kilo 2,100 za betri. Mwili wa ndege pekee unazidi kilo 2,000. Hairuki, hata bila abiria.

Usikate tamaa hapo. Itoe akiba kwenye betri, uipe jenereta ya mafuta inayotoa kilowati 280, ambazo ndizo ndege inahitaji kwa mwendo ule. Betri inashuka hadi kilowati-saa 165, kilo 970, na zinabaki takriban kilo 780 za jenereta, mafuta yake, rubani na abiria. Heart Aerospace, kampuni ya ndege za umeme iliyoanzia Sweden, ilifuata njia hiyo mwaka 2022 ilipoacha muundo wa viti 19 na kutangaza ES-30, ya viti 30 na yenye jenereta za akiba.

Chaji. Kurudisha kilowati-saa 119 kwa nusu saa ni wastani wa kilowati 238. Ila seli hupokea kwa kasi hadi asilimia 80 hivi, kisha chaja hulazimika kupunguza. Nunua ya kilowati 330. Kwa volti 800 hizo ni ampea 410, na kebo lazima ipozwe kwa kimiminika. Kwa volti 400 ampea huwa maradufu na joto la kebo ileile mara nne.

Joto ndilo litakaloharibu ratiba Pwani. Asilimia 5 tu ya nguvu hiyo ikipotea, ni kilowati 16 za joto ndani ya pakiti ya betri iliyotua tayari ikiwa moto. Unga mashine ya kupozea kabla ya kuchomeka chaja, si baada. Pakiti ikizidi kikomo chake, mfumo utapunguza chaji na abiria watasubiri.

Ndege mbili zikichaji pamoja zinataka transfoma ya kVA 1,000 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, karibu sawa na kilowati). Nafuu ni betri ya ardhini: kwa ndege moja kila saa moja na nusu, laini inatoa kilowati 90 tu mfululizo. Weka moja kila upande. Unguja hupata umeme wake kwa kebo ya chini ya bahari kutoka bara, na umeme ukikatika, betri hiyo ndiyo itakayoirudisha ndege Dar.