Mwisho wa juma wa wenzi wapendao kupanda na kutembea: namna ya kuchagua mahali pa kwenda kutoka Dar es Salaam

Wenzi wanaokwenda ufukweni kupumzika hawapungukiwi na kitu wakichelewa kufika, kwa kuwa bahari na upepo vitawangoja hata magharibi. Wenzi wanaokwenda kupanda mlima au kuendesha baiskeli hali yao ni tofauti. Wakifika saa nane mchana siku imekwisha, kwa sababu kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu miezi yote ya mwaka, na ndani ya msitu mnene giza hutanda kabla ya hapo. Ndiyo maana mimi na mume wangu, ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukitoka Dar es Salaam kwa matembezi ya namna hii, tuliacha kuulizana ni wapi pazuri, maana pazuri ni pengi, tukaanza kuulizana tutapata saa ngapi za mwanga tukiwa tayari tumevaa viatu vya kutembelea.

Hesabu hiyo ifanyeni kwa kalamu na karatasi kabla ya kutazama picha za hoteli yoyote. Jumamosi na Jumapili kwa pamoja zina saa 24 za mchana. Mchana wa Jumapili huliwa na safari ya kurudi, na kama mnaondoka Jumamosi alfajiri badala ya Ijumaa jioni, asubuhi ya Jumamosi nayo huliwa na safari ya kwenda. Muda wa safari uhesabiwe kutoka mlangoni kwenu hadi mlangoni mwa nyumba ya wageni, wala si kutoka stendi hadi stendi, kwani anayeishi Kigamboni au Mbagala anaweza kumaliza saa mbili za Ijumaa jioni kwenye foleni kabla hajafika Kibaha. Kanuni yangu ni kwamba safari ya kwenda ikizidi saa nne kwa hesabu hiyo, mahali hapo panahitaji siku tatu, na mkipalazimisha kwa siku mbili mtakuwa mmelipa nauli ili mkae garini.

Kanuni hiyo tuliipata kwa kuumia. Safari yetu ya kwanza ya Lushoto tuliipangia siku mbili. Basi lilichelewa kuondoka, tukafika Mombo jua likiwa linainama, tukapanda kilomita 33 za kona hadi mjini gizani, na kesho yake tukasimama Irente kwa muda usiozidi nusu saa, tukiitazama tambarare iliyotandazwa chini ya miamba, kabla ya kukimbilia gari la kurudi. Mume wangu hakusema neno hadi Chalinze, nami sikuhitaji kumuuliza sababu. Lushoto haikuwa na kosa lolote. Ni mji wenye baridi ya kweli mwezi Juni na Julai, wenye msitu wa Magamba ambao peke yake unastahili siku nzima, na njia za vijijini ambazo mtu anaweza kuzifuata tangu asubuhi hadi alasiri bila kurudia alipopita. Kosa lilikuwa letu la kuipa siku mbili.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa naiweka katika fungu hilohilo. Kwa wenzi wapendao kutembea sijui hifadhi inayowafaa zaidi, kwa maana tangu ilipoanzishwa mwaka 1992 imekuwa hifadhi ya miguu: ndani yake hakuna barabara za kuzungukia na gari, na maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, hufikiwa na aliye tayari kutoka jasho. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, kupitia Mikumi, ni safari ya sehemu kubwa ya siku. Itunzieni sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu. Hapa kalenda yetu ina mtego ambao wengi hawauoni: Pasaka, Muungano na Mei Mosi, ambazo ndizo watu huzipangia safari, zote huangukia ndani ya masika, wakati njia za milimani zinateleza na ruba wako wengi msituni; Saba Saba na Nane Nane huangukia kiangazi, wakati ardhi imekauka na hewa ya milimani iko shwari. Mwaka ambao mojawapo ya hizo mbili inagusana na mwisho wa juma, andikeni jina la Udzungwa au Lushoto juu yake mapema.

Baada ya saa, pimeni miili, na hapa ndipo wenzi wengi hudanganyana kwa upendo. Mmoja hupenda kupanda, mwingine hukubali ili asimvunje moyo, na ukweli hujulikana katikati ya mlima ambako hakuna pa kuuficha. Ulizaneni mapema maswali ya wazi: katika mwezi uliopita, kila mmoja ametembea saa ngapi mfululizo bila kukaa? Nani anaogopa ukingo wa jabali, na nani anaogopa maji yasiyoonekana chini yake? Magoti ya nani huuma wakati wa kushuka? Swali hili la mwisho lisidharauliwe, kwa kuwa watu huwaza kupanda tu, ilhali kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Mkiwa hamjui majibu, nendeni kwanza kwenye msitu wa Pugu kwa siku moja, bila kulala, mkatembee saa tatu au nne. Hapo ni karibu, gharama ni ndogo, na mtarudi mkijuana.

Urefu wa matembezi uamuliwe na yule mwenye mwendo mdogo. Hata hivyo haifai kwamba mwenye nguvu zaidi arudi nyumbani kila mara akiwa na hamu isiyotimizwa, na kwa sababu hiyo sifa ninayoitafuta kuliko mandhari ni njia yenye vituo, yaani mahali ambapo mtu anaweza kuishia katikati, akapumzika kwa raha na kuona jambo la maana, huku mwenzake akiendelea na mwongozaji kisha wakakutana tena. Mlima ambao zawadi yake yote iko kileleni huwagombanisha wenzi wenye nguvu tofauti.

Kwa vipimo vyote hivyo, mkazi wa Dar es Salaam mwenye siku mbili namwelekeza Morogoro bila kusita. Treni ya reli ya kisasa, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, imebadilisha hesabu nzima: safari ambayo kwa basi ilikuwa ikitegemea foleni ya Kimara na malori ya Chalinze, sasa huchukua muda usiofika saa mbili kwa kawaida. Kateni tiketi siku kadhaa kabla, kwa kuwa treni za Ijumaa jioni na Jumapili jioni hujaa, bebeni vitambulisho, na kumbukeni kwamba stesheni mpya iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, hivyo tengeni muda na nauli ya bodaboda au teksi hadi mnakolala. Wanaokata tiketi ya kurudi siku ileile wanayokata ya kwenda hulala usingizi mzuri zaidi Jumamosi usiku.

Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa kama mita 500, na milima ya Uluguru imesimama mgongoni mwake mithili ya ukuta. Njia inayofaa kwa safari ya kwanza ni ile ya Morningside, ambako kuna nyumba ya kale iliyojengwa wakati wa Wajerumani kwenye mwinuko wa kama mita 1,300. Kwa mwendo wa kawaida, kupanda huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na njiani mnapita katikati ya mashamba ya Waluguru yaliyolimwa kwenye miteremko ambayo mgeni angedhani hata mbuzi hasimami. Mkianza saa kumi na mbili asubuhi mtakutana na kina mama wanaoshuka na vikapu vya ndizi na mboga kwenda sokoni, nanyi mtawapisha njia, kwa maana wao wako kazini na ninyi mko matembezini. Wasalimuni. Njia hizo ni zao, na salamu hufungua mazungumzo ambayo hakuna kibao cha maelezo kinachoweza kuyatoa. Anayechoka anaweza kuishia Choma, penye maporomoko na kijiji, akawa ameona maji, msitu na watu, na siku yake ikawa imekamilika.

Wenye nguvu zaidi wana Lupanga, kilele kinachozidi mita 2,100 na kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa wa Morogoro. Umbali kwenye ramani ni mdogo, na huo ndio udanganyifu wake: mnapanda zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, sehemu za juu mkishika mizizi kwa mikono, na kwenda na kurudi humaliza mchana wote. Lupanga isiwe safari yenu ya kwanza pamoja, wala isipandwe Jumapili yenye treni ya jioni. Sehemu ya juu ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kibali na mwongozaji hushughulikiwa siku moja kabla, si alfajiri mkiwa mmeshavaa mabegi mgongoni.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwapeleke wakazi wa Dar es Salaam kwenye milima hiyo. Mto Ruvu, ambao ndio unaojaza mabomba yetu, huanzia Uluguru. Mwaka 2022, mto huo ulipopungua na jiji likaingia katika mgao wa maji, wengi wetu tulibeba ndoo bila kuwahi kuiona milima inayotunywesha. Kukanyaga kijito chembamba chini ya miti ya Uluguru, ukijua kwamba maji hayo yanaweza kufika kwenye sufuria yako, ni jambo ambalo natamani kila mkazi wa jiji alipate walau mara moja.

Wapo wenzi ambao mlima si wao, na bahari ndiyo uwanja wao. Hao wasiangalie utabiri wa mvua peke yake, waangalie mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na katika mwambao wa mashariki wa Unguja, huko Paje na Jambiani, maji hukupwa mno karibu saa nne au saa tano asubuhi, kiasi kwamba anayetaka kuogelea hulazimika kutembea mbali sana kuyafuata. Wakati huohuo mchanga uliobaki wazi ni mgumu na mpana, nao unafaa sana kwa baiskeli na matembezi marefu, ilimradi mjiepushe na kamba za mwani ambazo akina mama wanazihudumia saa hizohizo. Karibu wiki moja baadaye huwa ni maji mafu, bahari haipungui sana, na asubuhi inakuwa na maji ya kuogelea. Kwa hiyo mwogeleaji achague mwisho wa juma wa maji mafu, na mwendesha baiskeli achague wa bamvua. Wanaojifunza kuteleza majini kwa tiara wafuate upepo: kusi kuanzia Juni hadi Septemba, au kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari. Mkumbuke pia kwamba safari ya boti kutoka Dar es Salaam ikiunganishwa na muda wa kusubiri bandarini na gari la kuvuka kisiwa hukaribia zile saa nne, na kwamba mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana na haifai kula wala kunywa hadharani. Wasiotaka kuvuka bahari wana Bagamoyo, kama kilomita 70 tu kutoka jijini, ambako asubuhi moja ya baiskeli hadi magofu ya Kaole na kurudi inatosha.

Mikumi nimeiacha kwa makusudi. Ni mbuga nzuri na wanyama wake huonekana kwa urahisi, lakini humo mtakaa garini siku nzima, na wenzi waliozoea kutembea hutoka wakiwa na miguu iliyokufa ganzi.

Mkishachagua mahali, malazi yachaguliwe kwa umbali wake na njia ya kupandia na kwa saa ya kifungua kinywa. Pigeni simu muulize kama chai inaweza kuwa tayari saa kumi na moja na nusu alfajiri, au kama mnaweza kufungiwa mayai na chapati tangu usiku. Jibu la simu hiyo hueleza mengi kuhusu nyumba hiyo kuliko picha ya kitanda. Kila mmoja abebe maji yasiyopungua lita mbili, koti jepesi la mvua hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa Uluguru hupata mvua misimu yote hasa upande wa mashariki, na jozi ya soksi kavu. Mpango wa akiba uwepo na ukubaliwe na wote wawili kabla ya kuondoka, ili ukungu ukishuka Jumamosi asubuhi asiwepo anayebembelezwa.

Na kama hadi sasa hamjaamua, anzeni na Morningside. Andikeni saa mliyotoka chini, saa mliyofika juu, na saa mliyorudi mjini, kisha siku ya Jumatatu kila mmoja amwambie mwenzake ni sehemu gani ya mwili inayouma. Mliopanda kwa saa tatu na Jumatatu mkaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, Lupanga inawezekana ndani ya miezi miwili. Waliotumia saa tano warudie njia ileile mwezi unaofuata, wakiishia Choma.