Sola ya gari la kulala: anza hesabu kwenye friji

Wengi hupima paa la gari kwanza, wananunua paneli zinazoenea juu yake, na usiku wa pili porini maziwa yanachacha. Hesabu huanzia kwenye vinavyokula umeme, hasa vile vinavyokula usiku wakati paneli zimelala.

Tuchukue HiAce iliyogeuzwa chumba cha watu wawili, mfumo wa volti 12, inayozunguka Dodoma, Iringa na Ruaha. Kila kifaa zidisha wati zake kwa saa kinazowaka, upate wati-saa za siku nzima:

- Friji ya kompresa, wati 50, saa 12: 600
- Feni, wati 20, saa 7: 140
- Laptopu, wati 60, saa 2: 120
- Taa nne za LED za wati 5, saa 4: 80
- Simu tatu: 45
- Pampu ya maji, wati 60, robo saa: 15

Jumla ni 1,000. Ongeza asilimia 20 ya umeme unaopotea kwenye waya, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), unafika 1,200.

Zile saa 12 za friji ndizo zinazobishaniwa. Kwenye baridi ya Iringa kompresa inaweza kuzunguka theluthi moja tu ya siku, lakini kule bondeni kwenye joto, na soda za moto zikiingizwa kila mchana, inafika nusu au kuzidi. Panga kwa joto. Inveta nayo ina ulaji wa kimyakimya: ikiachwa imewashwa bila kazi inaweza kuvuta wati 10, yaani 240 kwa siku, kuliko feni na taa zote kwa pamoja. Izime, na simu zichajiwe moja kwa moja kwenye volti 12. Birika la umeme lisahau, chai ipikwe kwa gesi.

Sasa betri. 1,200 gawanya kwa 12 ni ampea-saa 100 kwa siku. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo siku moja bila jua inadai ampea-saa 200. Ya lithiamu (LiFePO4) inavumilia kushuka asilimia 80: ya ampea-saa 200 inakupa takriban wati-saa 2,000, siku moja na zaidi ya nusu, kwa chini ya nusu ya uzito. Bei yake inauma, ila kwa gari tungenunua hiyo. Usiiunganishe moja kwa moja na altaneta. Inavuta mkondo mkubwa kiasi cha kuunguza altaneta, kwa hiyo weka katikati chaja ya DC-DC, inayodhibiti mkondo huo. Ya ampea 30 inaingiza karibu wati-saa 390 kwa kila saa ya kuendesha, na anayehama kambi kila siku anaweza kupunguza paneli.

Kwa paneli, tumia jua kamili la saa 4.5 kwa siku. Kiangazi cha Dodoma kinapita hapo, mawingu ya Julai Nairobi au Arusha yanashuka chini yake. Zidisha kwa 0.7, kwa sababu ya vumbi na joto: paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii juu ya 25, na ikilala juu ya bati la gari inaweza kupita digrii 60. 1,200 ÷ (4.5 × 0.7) ni 381, basi paneli mbili za wati 200. Majedwali ya Ulaya yanayosisitiza kuziinamisha sana hayakuhusu, huku jua linapita utosini. Acha mwinamo kidogo wa kumwaga maji na nafasi ya vidole vitatu chini yake ipite hewa.

Dukani beba futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 na kidogo. Ya mita 1 kwa nusu mita iliyoandikwa 200 inadanganya.

Kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri, iwe MPPT ya ampea 40, aina inayogeuza volti ya ziada ya paneli kuwa ampea. Kosa la kawaida ni kufunga paneli ya nyumbani ya wati 450 kwenye PWM, kontrola ya aina rahisi isiyogeuza volti: volti ya paneli inaburutwa hadi ya betri, na unabaki na wati 140 hivi. Dumu au tairi la akiba kwenye keria likitupa kivuli juu ya paneli moja, zikiwa zimeunganishwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) nyingine inaendelea kufanya kazi.

Waya ndio unaoharibu kazi nzuri. Ampea 30 kwa umbali wa mita 3, kwenda na kurudi, kwenye waya wa nyumbani wa milimita 2.5 za mraba zinapoteza volti 1.26. Kwenye waya wa 10 ni 0.3 tu. Friji pia ipewe waya wake wa 6 hadi kwenye betri. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya.

Wakati wa kuunganisha, betri iingie kwenye kontrola kwanza, kisha paneli. Kufungua ni kinyume chake. Ukimaliza, washa friji usiku na upime volti kwenye plagi yake kompresa ikizunguka, halafu kwenye betri. Tofauti ikizidi volti 0.4, kaza viungo au ongeza unene wa waya kabla hujalaumu betri.