Jinsi ya kufuatilia historia ya kori moja ya Wajerumani kwenye vita vya mahandaki

Nimetoka kumsaidia dogo mmoja wa chuo na XIV Reservekorps (kori ya akiba ya 14; kori ni kundi la divisheni kadhaa), ile iliyokaa Somme, kaskazini mwa Ufaransa, toka 1914 kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, basi naweka njia hapa. Tafuta kwa Kijerumani, ukitafuta kwa Kiswahili utaletewa Lettow-Vorbeck tu, yule kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki.

1. Chagua kori. Kama huna sababu maalum kwepa za jimbo la Prussia, nyaraka zao nyingi ziliungua Potsdam Aprili 1945. Za jimbo la Baden zipo Karlsruhe, za Württemberg Stuttgart, za Bavaria Munich. Hii yetu ilikuwa na divisheni ya akiba ya 26 (Württemberg) na ya 28 (Baden), yaani umepona.

2. Ramani. Weka alama kwenye vijiji vya eneo la kori hii: Beaumont-Hamel, Thiepval, Ovillers, Fricourt.

3. Namba, na hapa ndo tulie maana panakula masaa. XIV Reservekorps na XIV Armeekorps (kori ya kawaida, siyo ya akiba) ni vitu viwili, na zote zina watu wa Baden, kwa hiyo ukikuta "XIV" peke yake usikimbilie kuandika. Rejimenti nazo hivyohivyo: Reserve-Infanterie-Regiment 119, waliokuwa Beaumont-Hamel tarehe 1 Julai 1916, siyo Grenadier-Regiment 119, na kuna Landwehr 119 (askari wa akiba wenye umri mkubwa zaidi) pia. Alafu 1914 divisheni ilikuwa na rejimenti nne, toka 1915 wakaanza kuzipunguza ziwe tatu ili waunde divisheni mpya, sasa rejimenti yako inaweza kuhama katikati ya stori. Somme ilipowaka ndo kabisa, makao ya kori yanabaki pale pale ila divisheni zinaingia na kutoka kama daladala stendi, na kufika 1917 unakuta makao hayo yanaitwa kwa jina la mahali, mfano Gruppe Ypern (kundi la Ypern, mji wa Ubelgiji), wala namba huioni. Dawa ni jedwali la tarehe, makao, divisheni, rejimenti. Fuata rejimenti, usifuate kori. Mimi nachora kwenye daftari, Excel inanichosha.

4. Kusoma. Maandishi ya chapa utazoea fasta. Ya mkono, Kurrent, tumia Transkribus, programu ya kusoma mwandiko wa zamani, ila usiiamini kwenye majina ya vijiji, "e" na "n" zinafanana mno, linganisha na ramani.

5. Verlustlisten, orodha za waliokufa na kujeruhiwa. Za mwanzo zimepangwa kwa vikosi, za baadaye kwa majina. Tarehe iliyo juu ya orodha ni ya kuchapishwa, mtu anaweza kuwa alikufa wiki kadhaa nyuma.